Sauti ya Steringi Ina Mama Yake

Sauti ilianza mwezi wa saba, msimu mkubwa wa asali, nikitoka Ipole, wilayani Sikonge, na ndoo 30 nyuma ya pikapu. Asiyewahi kubeba asali hudhani ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja inakaribia kilo moja na gramu 400, kwa hiyo ndoo moja ni kilo 28 na ndoo 30 ni kilo 840, kabla hujajihesabu wewe, kijana wa kupakia na tairi la akiba. Pikapu ikibeba hivyo hukaa kitako, pua ikainuka, na usukani ukawa mwepesi kwa namna ambayo sijawahi kuipenda.

Barabara ya kwenda Mpanda ni lami, lakini asali haikai kwenye lami. Lazima uingie ndani, kwenye njia za vumbi zilizojikunja kama bati, katikati ya miyombo na mininga, hadi kwa wafugaji wenye mizinga yao. Ni huko nilikoisikia. Kodo. Kimya. Kodo-kodo. Masikio yaliisikia, ila viganja viliisikia zaidi: kitu kilikuwa kinabisha hodi kupitia usukani. Nikapunguza mwendo, ikapungua. Nikaongeza, ikarudi.

Nilipotokea kwenye lami karibu na Sikonge nikajipa moyo, maana ilinyamaza. Mbele kidogo likaja basi upande wa pili, nikavuta usukani kushoto kidogo kumpisha. Gari lilichelewa kutii. Muda wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini mwenye gari lake anaujua. Mikono imeshageuka, gari bado linafikiri. Kilomita 70 zilizobaki hadi Tabora mjini nilizimaliza kwa mwendo wa baiskeli, taa zikiwaka, nikapitwa na kila chombo.

Naandika haya kwa wenzangu wenye pikapu huku kwetu, Tabora, Urambo, Kaliua, Nzega na Sikonge yenyewe, kwa sababu kilichonigharimu baada ya siku ile hakikuwa ubovu wa gari. Kilichonigharimu ni kununua spea kabla ya kujua ubovu. Mtu wa Dar es Salaam akikosea spea asubuhi, mchana amerudi dukani kubadilisha. Sisi tuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Kariakoo. Tukikosea, basi limekwenda na limerudi, wiki imepotea, wanunuzi wamepata asali kwa mtu mwingine. Kwa hiyo sisi, kuliko wao, ndio tunaotakiwa kujua kwa uhakika gari linaumwa wapi. Nilifanya kinyume chake, mara mbili.

Gereji ya kwanza walilipiga jeki mbele, kijana akashika tairi kwa mikono miwili, kushoto na kulia, akalitikisa. "Dada, tairodi endi zimekwisha hizi." Akanionyesha jointi hizo zinazounganisha fimbo ya steringi na tairi, na kweli upande wa kushoto palikuwa na plei ndogo, yaani ulegevu. Nikanunua mbili hapo hapo mjini, bei yake kama nusu ndoo ya asali. Zikafungwa. Simlaumu kijana yule, moja ilikuwa imechoka kweli na ingebadilishwa siku yoyote. Lakini kabla sijafika mtaa wa Cheyo ile sauti ikabisha tena.

Gereji ya pili walisikiliza kidogo, wakatazama kidogo, wakasema maneno ambayo kila mwenye Toyota Hilux Vigo, pikapu kama yangu, anayaogopa: "Steringi raki imekwisha kwa ndani. Agiza nyingine." Raki ndiyo lile bomba la chuma linalobadili mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kugeuza matairi. Mpya ya kampuni sikuthubutu hata kuulizia. Nikapiga simu kwa muuzaji wa spea za mtumba Dar, nikamwambia nataka raki ya Vigo, nikatuma pesa kwa simu, bei ya ndoo tatu. Mzigo ukaja kwa basi, umefungwa kwenye kiroba, mzito, unang'aa. Fundi akaupeleka chini ya gari akatoka nao. Matundu ya bolti hayakukutana. Ile ilikuwa raki ya pikapu ya chini, isiyo na foo wili, na yangu ni ya juu. Kwa nje majina yao ni mamoja, kwa chini ni magari mawili.

Nilipompigia muuzaji alinijibu kwa upole tu. "Mama, uliniambia Vigo, nami nimekutumia Vigo." Na ni kweli, nilisema Vigo, sikusema neno jingine. Tukakubaliana nikae nayo, naye akipata mteja wa pikapu ya chini upande wa huku atanipigia.

Hapo ndipo shemeji yangu aliponipeleka mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli.

Nisimame kidogo kwenye hiyo reli, maana inahusika. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, kwa hiyo mji huu ni njia panda ya treni kwa zaidi ya karne. Umelea kizazi baada ya kizazi cha watu wanaojua chuma kwa sauti. Mzee aliniambia kazi yake ya kwanza akiwa kijana ilikuwa kupita kando ya mabehewa yaliyosimama, ana nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele na sauti inatembea. Lenye ufa hulia butu, inakatika. Warina asali wa Ipole nao hugonga mzinga na kutega sikio kabla ya kuwasha moshi, wajue kama kuna watu ndani. Nilikuwa nimeishi na ujuzi huo miaka yote nikinunua asali, wala haikunijia kuutumia kwenye gari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Gari linaumwa wapi?"

"Raki, baba."

"Sikukuuliza dawa. Nimekuuliza linaumwa wapi."

Akaanza kuuliza. Linalia likitembea au hata likisimama? Injini ikiwaka tu, au hata ikizimwa? Ukikata kushoto, kulia, au pande zote? Ukiwa na mzigo na bila mzigo ni sawa? Asubuhi likiwa baridi linaliaje? Ukigusa breki inabadilika? Nusu ya maswali sikuwa na majibu yake. Nilikuwa nimeendesha na sauti ile wiki tatu, nimelipia matibabu mara mbili, na sikuwa nimeisikiliza.

Tukatoka wote. Alikaa kiti cha abiria, akavua viatu, akaweka nyayo tupu sakafuni na kiganja juu ya dashibodi. Hakusema lolote. Tukapita Isevya, tukatafuta kipande cha njia mbaya, tukarudi. Kisha akasema, "Iko chini ya miguu yangu, haiko kwenye tairi."

Tulipofika gereji kijana wake akakimbilia jeki. Mzee akamzuia. Jambo hili sikulijua, na naona mafundi wengi wanalisahau: gari likiwa juu ya jeki, sauti nyingi za steringi hulala. Tairi likiwa hewani halina upinzani, linageuka kwa kidole, kwa hiyo kitu kilicholegea hakipati sababu ya kuhama. Matairi yakiwa chini yamekanyaga, na injini inawaka, ile nguvu ya haidroliki inasukuma kwa uzito wote, na kilicholegea kinajitaja chenyewe. Basi gari likaingizwa juu ya shimo, matairi yakakaa juu ya zege, yakawekewa magogo, hendibreki ikavutwa, gia ikatolewa. Mzee akashuka shimoni na tochi na bisibisi ndefu. Mimi nikawa kwenye usukani, kazi yangu kuuchezesha kidogo tu, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayetikisa mtoto alale.

Alianza juu, kwenye krosi ya steringi, ile jointi ya shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani. Aliweka kidole mahali pande mbili zinapokutana, maana jointi iliyochoka unaiona kwa kidole kabla ya jicho: upande mmoja unaanza kugeuka, wa pili unachelewa. Ilikuwa nzima. Akashika raki endi, jointi ya mwisho wa raki, juu ya mpira wake wa mikunjo, kushoto na kulia. Nzima. Tairodi endi mpya, nzima. Boljointi, nzima. Kila mahali aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, kama daktari na kifua cha mgonjwa, akiitunza mikono mbali na vinavyogeuka. Kisha akamwita kijana wake akae kwenye usukani, nami nishuke nione mwenyewe.

Raki yote ilikuwa inatembea. Sizungumzii kilicho ndani yake, namaanisha bomba lenyewe lililofungwa kwenye fremu. Kijana akikata kushoto, raki inasogea kwanza upande, inagonga kizuizi, kodo, ndipo matairi yanageuka. Akikata kulia, inarudi, kodo. Huko ndiko ulikokuwa unatoka ule ucheleweshaji nilioukuta nilipompisha basi.

Raki ya Vigo inashikwa kwenye fremu kwa bolti zinazopita katikati ya bushi za mpira. Mpira unakuwepo ili mitikisiko ya barabara isipande yote mikononi. Bushi zangu zilikuwa zimevimba na kulainika kama embe lililoachwa juu ya mti hadi Februari. Mzee akaminya moja kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Mpira huu umelewa mafuta," akasema. "Haukuchakaa. Umeleweshwa. Mafuta yametoka wapi?"

Akamulika juu. Bomba la haidroliki lenye presha lilikuwa limelowa pale linapoungana na chuma, na tone lilikuwa linatengenezwa taratibu mbele ya macho yetu, juu kabisa ya bushi ya kulia. Akachovya kitambaa kwenye chombo cha mafuta ya steringi. Mafuta ya steringi ya gari hili ni mekundu, ya aina ile ile inayowekwa kwenye gia boksi za otomatiki. Yangu yalitoka na rangi ya chai ya rangi iliyolala.

"Kabla ya hodi hii, steringi ilikuwa inanguruma?"

Nikakumbuka. Mwaka uliotangulia, siku ya soko Sikonge, kila nilipokata kona gari lilikuwa linatoa mngurumo mrefu, uuuuu, kama ng'ombe aliyefungiwa. Mafuta ya steringi yalikuwa yamepungua. Duka la karibu hawakuwa nayo. Mtu akaniambia mafuta ya breki yanafaa, mafuta ni mafuta. Chupa niliinunua mimi, kwa mkono wangu. Mngurumo ukaisha siku ile ile, nikamshukuru.

Mzee alipanda kutoka shimoni akakaa kwenye kiti. "Basi hii sauti ina mama yake," akasema.

Nimeulizia na kusoma baada ya hapo, na maelezo yake ni haya. Mafuta ya breki ya kawaida si mafuta ya madini, yale yanayotokana na mafuta ghafi, kama mafuta mengine ya gari. Yanatengenezwa kwa glaikoli, na mipira ya mfumo wa breki imechaguliwa makusudi iweze kuishi ndani yake. Mipira ya steringi, yaani sili, oringi na mabomba, imechaguliwa kwa mafuta ya madini. Ukimimina mafuta ya breki mle, mpira unavimba, unalainika, unaanza kupitisha. Hakuna kinachotokea siku hiyo wala wiki hiyo. Kisha muungano mmoja unaanza kutoa jasho. Tone linaangukia bushi ya raki, ambayo kwa upande wake ilitengenezwa ikae pakavu, na mafuta ya madini ndiyo adui yake. Bushi inalewa. Raki inaanza kutembea. Mwaka mmoja baadaye mwanamke anapisha basi karibu na Sikonge na gari linachelewa kumtii.

Kwa hiyo, ukisikia mngurumo ule wa uuuuu unapokata kona, hasa asubuhi za Juni na Julai baridi inapokuwa kali, fungua kifuniko cha mafuta ya steringi kabla ya kufikiria pampu. Yakiwa yamepungua, tafuta yanakopotelea, maana steringi haichomi mafuta kama injini, yakipungua yametoka mahali. Yakiwa na povu, kuna hewa inavutwa, mara nyingi kwenye bomba la kurudishia lililolegea kibano. Hewa huondolewa bila ufundi mkubwa. Mbele kunainuliwa, injini imezimwa, usukani unazungushwa taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, kama mara 20, huku mtu mwingine akiangalia mafuta yasikauke kwenye chombo. Ndipo unawasha. Na usiubane usukani ukiwa umefika mwisho kabisa. Pale pampu inasukuma mafuta yasiyo na pa kwenda, yanapita kwenye valvu ya usalama na kuchemka. Sekunde chache basi, halafu rudisha kidogo. Pampu ngapi zimebadilishwa huku kwetu kwa sababu ya kibano cha shilingi elfu moja, inaniuma kufikiria.

Mluzi mkali unapowasha gari na kukata kona papo hapo ni mkanda, umelegea au umekomaa. Kriii-kriii gari likiwa limesimama na usukani unazungushwa, mara nyingi ni boljointi iliyokauka baada ya mpira wake kupasuka na vumbi kuingia. Ta-ta-ta-ta unapokata kona yote huku ukikanyaga mafuta si steringi kabisa, hiyo ni jointi ya ekseli ya mbele. Na kama kuna mkwaruzo mwembamba nyuma ya usukani wenyewe, pale mkononi, na gari lina mfuko wa hewa, usimruhusu mtu afungue kwa bisibisi bila kukata betri kwanza na kusubiri. Mfuko ule hulipuka kwa baruti.

Sasa spea. Mara hii sikupiga simu kusema "Vigo".

Mzee alinifungulia boneti na kunionyesha kibati cha chuma chenye maandishi ambayo nilikuwa nimeyapita miaka yote. Kinataja modeli, namba ya fremu, injini, rangi, hadi gia boksi na difu. Modeli yangu inaanza na KUN25. Hiyo K ya mwanzo ni ya ukoo wa injini, ile ya dizeli ya KD, na zinazofuata ni za gari lenyewe. Vigo zilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2015, zikiwa na injini mbalimbali, za chini na za juu, kebini moja na mbili. Kumwambia muuzaji "Vigo" ni kama kumwambia mtu unamtafuta Juma wa Tabora.

Namba za spea za Toyota nazo zina mpangilio ambao ukishaujua hutaki tena kununua kwa jina. Kwa kawaida ni tarakimu tano, kistari, halafu tano nyingine, ambazo zinaweza kuchanganya na herufi. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani: 45046 ni tairodi endi, 45503 ni raki endi, 44320 ni pampu ya steringi, 04446 ni kiti, yaani seti nzima, ya sili za pampu hiyo. Tano za pili zinasema ni cha gari gani, na nyingi za Vigo huanza na 0K. Mkiongea kwa namba, wewe na muuzaji, hakuna anayekisia. Na namba iliyopigwa kwenye chuma chenyewe iaminiwe kuliko iliyo kwenye boksi. Maboksi mazuri yanachapishwa kila mahali, na hakuna aliyewahi kufunga boksi chini ya gari.

Nilipiga picha ya kibati. Nikapiga picha ya bushi ya zamani imelazwa kando ya rula, kwa ubavu na kwa mdomo. Kijana wa mzee akapima kwa kalipa kipenyo cha nje, cha ndani na urefu, nikaandika kwenye karatasi na karatasi ikaingia kwenye picha. Nikatuma vyote kwa yule yule muuzaji wa Dar. Alinijibu kwa sauti, nikasikia jinsi alivyobadilika: "Sasa mama umeniagiza kama fundi." Kesho yake asubuhi alinitumia picha ya bushi mpya kando ya rula yake, pamoja na bomba la presha, oringi, na kiti ya sili za pampu. Bushi zote kwa pamoja hazikufika bei ya lita tatu za asali. Nilikuwa nimeshatoa ndoo tatu na nusu.

Kuna watu walinishauri nichongeshe. Mafundi wetu wanachonga bushi kutoka kwenye mpira wa tairi la lori, na wengine kutoka nailoni, na ninaheshimu mikono yao. Bushi za kuchonga nimefunga kwenye karia ya nyuma na kwenye springi, zinafanya kazi. Kwenye steringi sifungi. Mpira wa tairi una waya na nyuzi ndani, haubonyei sawasawa. Nailoni haibonyei kabisa, kwa hiyo kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja kwenye raki. Vilevile mpira wa mtumba sinunui, hata uwe umetoka Japani jana. Chuma cha mtumba kinaweza kuwa na maisha mbele yake. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni.

Na kuna mambo mawili yanayofanyika kwenye magereji yetu ambayo naomba, kwa moyo wote, yaachwe. La kwanza ni kugonga kikombe cha tairodi endi kwa nyundo ili kibane gololi ya chuma iliyolegea. Inabana, ndiyo, wiki mbili, na mteja anaondoka akifurahi. Kile kikombe ndicho kinachozuia tairi lisijigeukie lenyewe mwendo ukiwa 80. La pili ni kuchomelea mkono wa steringi uliopinda au kupasuka. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu uliowekwa kwenye chuma kile kiwandani, na kinapokatika mara ya pili hakitoi onyo. Magari mengine yanasubiri spea wiki mbili, na najua maana ya wiki mbili bila gari msimu wa asali. Lisubiri.

Basi liliingia usiku. Asubuhi nilikuwa Ng'ambo kabla mzee hajafungua.

Walishusha raki. Kabla ya kuitoa, kijana alitia alama ya chaki kwenye shafti na mahali inapoingia, ili usukani urudi ulipokuwa. Tairodi endi zilipofunguliwa alihesabu mizunguko kwa sauti, kumi na saba kulia, kumi na saba na nusu kushoto, nikaandika kwenye kiganja, ili zikirudishwa kwa hesabu ile ile matairi yasikimbiane sana hadi tufike kwenye alaimenti. Bushi za zamani zilitoka vipande vipande. Mpya ziliingizwa kwa bolti ndefu, washa pana na kipande cha bomba kilichokatwa kwa kipimo, ikavutwa kidogo kidogo. Mtoto mmoja wa gereji akaleta grisi. Mzee akamtuma sabuni ya maji. Grisi ni mafuta, na tulikuwa tumetoka kumzika mtu aliyeuawa na mafuta. Sabuni inateleza, kisha inakauka.

Mfumo wote ulimwagwa. Waliusafisha kwa mafuta mapya mekundu, wakazungusha, wakamwaga, wakarudia, mpaka kilichotoka kikafanana na kilichoingia. Pampu ikafunguliwa na kuwekewa sili mpya. Kotapini za zamani, pini zinazozuia nati zisilegee, zilitupwa, zikawekwa mpya, na mzee alizikagua moja moja mwenyewe kwa tochi, ingawa kijana alikuwa amezikunja vizuri. Sili za ndani ya raki tumeziacha. Alisema zimekunywa lakini hazijavuja, nizitazame kila mwezi pale kwenye mipira ya mikunjo, nikikuta unyevu nimrudie.

Nilitaka kulipa zaidi ya alichosema, akakataa. Akauliza kama nitapita kwa watu wenye asali ya nyuki wadogo, ana kifua. Safari iliyofuata ya Ipole nilimletea chupa, na njia nzima, kwenye ile mikunjo ya vumbi, na ndoo 30 nyuma, nilizima redio. Nilisikia springi, nikasikia turubai, nikasikia ndoo zikisuguana. Kwenye viganja hapakuwa na kitu.

Wiki iliyopita yule muuzaji wa Dar alinipigia. "Mama, ile raki bado unayo? Nina mteja Nzega, Vigo ya chini kabisa, nimeona kibati chake. Anasema fundi kamwambia raki imekwisha. Yuko tayari kuifuata hata leo."

Raki bado ipo, nyuma ya mlango wa stoo, ndani ya kiroba chake. Ndoo tatu zangu zimelala pale. Nilimwomba namba ya huyo mtu wa Nzega, nikampigia mwenyewe, tukasalimiana.

"Kaka," nikamwuliza, "hebu niambie kwanza. Linalia likiwa linatembea, au hata likisimama?"